Usiiuze TV Iliyogoma YouTube: Mwongozo kwa Walioko Kigoma

Shule zikifungwa na watoto wakajaa sebuleni, ndipo TV nyingi hapa mjini hugundulika kuwa zimekufa nusu. King'amuzi kinaonyesha vizuri, sauti ipo, flashi inasoma. Ukibonyeza YouTube kioo kinakuwa cheusi, kiduara kinazunguka, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza kwamba programu hii haipatikani tena kwenye kifaa hiki. Wengine hata maandishi hayo hawayaoni. Alama yenyewe ya YouTube au Netflix imeondoka kwenye menyu.

Kinachofuata tunakijua. TV inafungwa kwenye shuka, inapakiwa kwenye bajaji, inapelekwa kwa fundi kule Mwanga. Fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anapuliza vumbi, anagusa hapa na pale, halafu anatamka kwamba bodi imechoka. Huenda anaamini anachokisema. Ila bodi haina ugonjwa, na hela ya kubadilisha bodi ni ya kutupa, maana bodi nyingine ya toleo lilelile itagoma vilevile. Wapo pia wanaoiuza TV kwa bei ya kuku na kukopa nyingine, wakati kioo cha ile ya kwanza kingeweza kuwatumikia miaka mingine mingi.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kwanza TV yako imepoteza nini.

Kwa nini TV nzima inanyimwa YouTube

TV janja ni vitu viwili vilivyouzwa ndani ya ganda moja: kioo, na kompyuta ndogo inayokiendesha. Kioo kikitunzwa kinafika miaka kumi na kuendelea. Kompyuta yake inaletewa masasisho na kiwanda kwa miaka michache, halafu wahandisi wanahamia kwenye matoleo mapya na kuisahau. Huku nako YouTube, Netflix na wenzao hawatulii. Wanabadilisha namna ya kubana video, namna ya kuzilinda zisinakiliwe, na taratibu ambazo kifaa chako hufuata kuomba video kwenye seva zao. Siku utaratibu wa zamani unapofungwa, TV isiyojua mpya inabaki mlangoni.

Haya si mkosi wa Kigoma, wala si ya TV za mtumba peke yake. Aprili 2015 YouTube ilianza kuzima mfumo wake wa zamani, na TV na deki nyingi za Blu-ray za 2012 kurudi nyuma zikakosa programu hiyo dunia nzima. Januari 2019 Netflix iliondoka kwenye Wii, mashine ya michezo ya Nintendo. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo ikaziacha baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, kwa sababu zilitegemea ulinzi wa zamani wa Microsoft ambao Netflix iliacha kuutumia. Machi 2021 YouTube ilitoka kwenye boksi la Apple TV la kizazi cha tatu. Juni 2025 ikawa zamu ya Fire TV za mwanzo za Amazon, za 2014, kukosa Netflix. Meli ya Liemba ilishushwa majini hapahapa Kigoma mwaka 1915 na ikaendelea kubeba abiria hata baada ya kutimiza miaka 100, ila TV ya 2012 haikuvumiliwa hata mitano.

Kuna na sababu ya pili ambayo mafundi wengi hawaijui: vyeti vya kidijitali. Kila kifaa kinachoingia mtandaoni kina orodha ya vyeti vya kukihakikishia kwamba seva inayoongea nayo ndiyo yenyewe. Vyeti hivyo vina tarehe ya mwisho. Tarehe 30 Mei 2020 kimoja maarufu kilifikia mwisho, na vifaa vya Roku (boksi na stiki za kutazamia video za mtandaoni) visivyosasishwa vikapoteza baadhi ya chaneli kwa usiku mmoja. Kingine kiliisha tarehe 30 Septemba 2021 na kuangusha simu na TV za zamani kila mahali. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vile vifaa vya Google vya kurushia video kwenye TV, zilizima huduma kwa pamoja kwa sababu cheti kilichowekwa ndani yake miaka kumi nyuma kilikuwa kimefika mwisho. Google ilirekebisha baada ya siku chache, na katikati ya purukushani ikawaambia watu wasizirudishe kwenye hali ya kiwandani. Neno hilo la mwisho likumbuke, nitalirudia.

Sababu ya tatu ni ndogo kabisa, na ndiyo ya kuanza nayo kwa kuwa haina gharama.

Hatua ya kwanza: tazama saa ya TV

Usicheke. Mzee mmoja wa Ujiji alikuwa na TV aliyoletewa na mpwa wake kutoka Uingereza. Nilipoingia na kumwamkia, aliitikia "Marahaba, mwanangu" na hapohapo akaanza mashitaka: TV ilikuwa ikifungua kaswida na mawaidha vizuri tu, umeme ukakatika usiku, asubuhi yake YouTube ikagoma. Tayari mtu alikuwa ameshamtajia bei ya bodi. Tulipofungua mipangilio, saa ya TV ilikuwa inasema ni Januari 2015.

TV ikiamini kwamba ni 2015, kila cheti kilichotolewa baada ya hapo kwake hakijazaliwa, kwa hiyo inakikataa. TV za Ulaya hupenda kuchukua saa kutoka kwenye matangazo ya antena ya kwao. Huku kwetu hazipati matangazo hayo, hivyo umeme ukikatika zinabaki na tarehe yoyote ile.

Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya saa, ondoa saa ya kujiendesha, weka tarehe na saa kwa mkono. Kama inadai mji, na Dar es Salaam haimo, chagua Nairobi. Saa ni zilezile. Kuna TV zinazovushwa kutoka Burundi na Kongo menyu zikiwa kwa Kifaransa. Kama hakipandi, badilisha lugha kwanza: tafuta neno "Langue" kwenye mipangilio ya mfumo. Ukimaliza izime TV na uichomoe ukutani kwa dakika mbili tatu, kisha iwashe upya. Kuizima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu inalala tu, haizimi.

TV ya mzee ilikuwa ya 2016 na ilifunguka. Ingekuwa ya 2011, saa isingesaidia kitu.

Hatua ya pili: hakikisha ni TV, si mtandao

Wengi wetu TV tunaiunganisha na hotspoti ya simu, na hapo ndipo kuna mtego ambao unaonekana kama ubovu. Umebadilisha simu, umenunua mpya inayong'aa, na TV ghafla haioni hotspoti. Unasema TV imekufa. Kumbe simu mpya inarusha waifai kwenye masafa ya 5 GHz, na TV ya zamani inasikia 2.4 GHz tu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, utakuta sehemu ya bendi au masafa; weka 2.4. Kwenye iPhone kuna swichi ya kuongeza upatanifu, iwashe.

Mtego wa pili ni ulinzi wa nenosiri. Simu mpya hupenda WPA3. TV za zamani zinajua WPA2. TV inaliona jina la hotspoti, unaandika nenosiri sahihi, inakataa, unaandika tena, inakataa, mnaanza kugombana na watoto nani kabadilisha. Weka WPA2 tu.

Halafu kuna bando. Lisemwe waziwazi, maana mara nyingi TV "iliyogoma" ni bando lililoisha, au lile la mitandao ya kijamii pekee ambalo TV haiwezi kulitumia. Jaribu kufungua video ileile kwenye simu iliyorusha hotspoti. Ikikwama huko, TV haina kosa.

Kama YouTube inagoma lakini Netflix inafungua, au kinyume chake, tatizo si mtandao. Ni programu moja iliyoachwa, na jibu lake liko hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: soma mgongo wa TV

Igeuze. Kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba ya toleo. Usitegemee alichokwambia muuzaji, wala stika ya mbele iliyoandikwa "Smart". Hiyo hubandikwa na yeyote.

Kwa Samsung, chukua mfano UE40J6200. Herufi mbili za mwanzo zinaonyesha soko iliyolengwa: UE ni Ulaya, UA ni Asia na Afrika, UN ni Marekani. Namba 40 ni inchi. Herufi inayofuata ndiyo unayoitafuta, kwa sababu ni mwaka: C ni 2010, D ni 2011, E ni 2012, F ni 2013, H ni 2014, J ni 2015, K ni 2016, M ni 2017, N ni 2018, R ni 2019, T ni 2020. Kuanzia J Samsung walihamia mfumo wa Tizen, na hapo matumaini yapo. H ni bahati nasibu. F kurudi nyuma, sikushauri upoteze hata saa moja kuhangaika na programu za ndani. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Kwa LG, tafuta herufi mbili baada ya inchi. LA na LN ni 2013, LB ni 2014, LF ni 2015, LH na UH ni 2016, LJ na UJ ni 2017, LK na UK ni 2018, LM na UM ni 2019. Mfumo wa webOS ulianza 2014. Kabla yake kulikuwa na NetCast, ambao leo ni kaburi.

Kwa zile TV za bei nafuu zinazoletwa kutoka Kariakoo, herufi hazitakusaidia sana. Nyingi zinatumia Android isiyo na kibali cha Google, na programu zake ziliwekwa na muuzaji au kiwanda kidogo. YouTube iliyomo ni toleo la zamani lililobebwa humo, na likifika mwisho halina wa kulisasisha. Unaweza kujaribu kuliondoa na kuweka jipya kwa flashi. Wakati mwingine linakubali. Mara nyingi linafunguka siku mbili kisha linaanza kudai huduma za Google ambazo TV haina.

Hatua ya nne: sasisho, kama lipo

Hatua hii ni ya TV za 2014 kuja juu. Anza na sasisho kupitia mtandao, kwenye sehemu ya msaada ndani ya mipangilio. Likikataa kwa sababu TV imeshapitwa, kuna njia ya flashi: ingia kwenye tovuti ya kiwanda kwa simu au kompyuta, andika namba ya toleo herufi kwa herufi, pakua faili, kama limefungashwa (zip) lifungue kwanza, liweke kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, chomeka kwenye TV, kisha chagua kusasisha kwa USB. Namba ikikosewa herufi moja, TV njema italikataa faili. TV isiyo na adabu italipokea, na hapo ndipo bodi itakufa kweli.

Na umeme. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla Gridi ya Taifa haijatufikia, kwa hiyo hakuna wa kutufundisha habari za kukatika. Ila watu husahau kwamba TV inayosasishwa umeme ukikatika katikati inaweza isiwake tena. Usisasishe jioni watu wanapopika, wala mvua ikinyemelea kutoka ziwani. Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Kama una betri ya sola yenye inveta, itumie hiyo siku hiyo hata kama huwa unaitunza kwa ajili ya taa. TV guard inalinda umeme usipande na kushuka, haikupi umeme ukizimika; nimekuta watu wanaovichanganya hivi viwili.

Sasa lile neno la kurudisha TV kwenye hali ya kiwandani, ambalo mafundi hulipenda kwa kuwa halihitaji kufungua skrubu. Kabla hujakubali, jiulize: programu ikifutika, itarudi kutoka wapi? Kwenye TV mpya inarudi kutoka duka la programu. Kwenye TV iliyoachwa na kiwanda, duka lenyewe huenda limefungwa, na ile YouTube iliyokuwa inafunguka kwa kusuasua ukiifuta ndiyo basi. Nimeona Netflix iliyokuwa nzima kabisa ikipotea kwa njia hii, kisa mtu alitaka kuondoa tatizo la sauti. Futa kwanza data ya programu moja inayosumbua, chomoa TV ukutani, ijaribu. Kurudisha kiwandani kuwe kwa mwisho kabisa, na kwa TV ambayo duka lake umelifungua ukaona linafanya kazi.

Hatua ya tano: iache kompyuta ya ndani, tumia kioo

Hapa ndipo ninapowapeleka karibu wote wenye TV za 2013 kurudi nyuma. Kioo kina tundu la HDMI. Kitu chochote kinachoingia hapo kinaweza kuwa kompyuta yake mpya, na kikizeeka unabadilisha hicho tu.

Njia ya bei ya chini kuliko zote ni simu uliyonayo. TV nyingi za 2013 hivi na kuendelea zinaweza kupokea picha ya simu kupitia Miracast hata kama programu zake zimekufa. Jina hubadilika: Samsung huandika Screen Mirroring, LG huandika Screen Share au Miracast, Hisense huandika Anyview Cast. Simu za Android za Samsung, Tecno na Infinix nyingi zina kitufe cha kutuma skrini kwenye menyu unayoivuta kutoka juu. Uzuri wake ni kwamba TV haihitaji intaneti hata kidogo. Simu ndiyo inayotumia bando. Ubaya wake ni kwamba simu inafungwa kwenye kazi hiyo, inapata joto, na ujumbe ukiingia, mazungumzo ya kikoba chenu yote yanatokea ukutani. Kwa mahubiri na katuni za watoto inatosha kabisa. Netflix mara nyingi itatoa sauti na kioo cheusi, maana ulinzi wake unakataa kuakisiwa. Wenye iPhone hawana Miracast. Wao wanahitaji kifaa chenye AirPlay, njia ya Apple ya kurusha picha.

Wengi hukimbilia waya wa kutoka kwenye tundu la chaja la simu kwenda HDMI. Subiri kidogo. Tundu la USB-C halimaanishi kwamba simu inatoa picha. Simu za bei ya kati na ya chini, yaani hizi ambazo wengi wetu tunazo, hazitoi picha kwa waya hata uchomeke wa bei gani. Ijaribu palepale dukani kwa simu yako mwenyewe, si kwa ya muuzaji.

Kompyuta mpakato ya zamani yenye HDMI ni suluhisho ambalo watu hulidharau. Ile ya mwanafunzi iliyovunjika kioo, isiyouzika, unaichomeka nyuma ya TV na kipanya chake, na YouTube inafunguka kwenye kivinjari. Usijaribu hivyo na kivinjari kilichomo ndani ya TV, kwa kuwa nacho kimepitwa na wakati kama programu nyingine.

Njia ninayoipenda zaidi ni stiki au boksi dogo lenye Google TV au mfumo mwingine unaosasishwa. Linachomekwa HDMI, linakuja na rimoti yake, na TV inarudi kuwa kama ilivyonunuliwa. Jambo moja la kuzingatia: usilipatie umeme kutoka tundu la USB la TV. Tundu la zamani linatoa nusu ampea tu, stiki nyingi zinataka zaidi, na matokeo yake ni kifaa kinachojizima filamu inapofika patamu. Tumia adapta yake, ukutani.

Kama TV ni ya chogo, isiyo na HDMI, bado haijashindikana. Kuna kigeuzi kidogo, kiboksi cha plastiki cha kutosha kiganjani, chenye tundu la HDMI upande mmoja na matundu matatu upande wa pili: njano, nyeupe, nyekundu. Vipo vya aina mbili vinavyofanana kwa kila kitu, na tofauti ni maandishi madogo juu yake. Unachotaka kiandikwe HDMI2AV. Kikiandikwa AV2HDMI kinafanya kazi kinyume, yaani kinachukua picha ya deki ya zamani kuipeleka TV mpya, na hakitageuka hata ukichomeka upande gani. Picha yake haitakuwa kali, na maandishi madogo hayatasomeka, lakini bongofleva na vichekesho vinaangalika vizuri tu.

Hatua ya sita: kununua boksi bila kununua balaa

Boksi nyingi zinazofika hapa hupitia Kariakoo, zikapanda basi au treni. Zikifika na kasoro, kuzirudisha ni kesi. Kwa hiyo lijaribu kabla ya kulipa: nenda dukani na simu yenye bando, unganisha hotspoti, fungua YouTube, cheza video moja mpaka iende dakika kumi. Boksi bovu hupata joto na kuanza kukwama ndani ya muda huo.

Boksi za bei ya kutupa, zisizo na jina au zenye jina lisilojulikana, zilizoandikwa ubora wa 8K na "chaneli zote bure maisha", ziogope. Januari 2023 mtaalamu mmoja alionyesha kwamba boksi aina ya T95 lilikuja na programu hasidi ndani yake likitoka kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa namna hiyo unaoitwa BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ilifungua kesi dhidi ya waendeshaji wake ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Hata kama hujali wadukuzi, jali bando lako: boksi kama hilo linatumia intaneti yako kufanya kazi za watu wengine wakati umelala. Na kama ulishaliwekea akaunti ya Google ambayo ndiyo hiyohiyo ya simu yako, una sababu ya kutokwa jasho.

Utalijuaje zuri? Kitufe cha Netflix kwenye rimoti si ushahidi, nacho huchapishwa na yeyote. Fungua duka la programu la Google, tafuta Netflix. Likiiona na kuiweka, na video ikacheza kwa ubora wa HD, kifaa kina kibali. Likikuletea faili la kuweka kwa mkono, au Netflix yenye sura ya simu inayodai uguse kioo, rudisha kwa mwenyewe. Xiaomi na majina mengine yenye mkataba na Google yako kwenye orodha ambayo Google yenyewe imeichapisha. Itafute kabla hujatoka nyumbani.

Pia ujue kwamba hata ukiwa na kifaa kipya, huduma zinaweza kuondoa kitu chochote. Mwishoni mwa 2025 Netflix iliondoa kitufe cha kutuma video kutoka simuni kwenda kwenye TV na stiki nyingi zenye rimoti. Aliyenunua kifaa kwa ajili ya kitufe hicho kimoja alibaki nacho mkononi. Nunua kifaa kwa ajili ya programu zake mwenyewe.

Kuhusu bando, na mpira

Netflix inakadiria video ya ubora wa kawaida kula hadi GB 0.7 kwa saa, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. TV nyingi za inchi 32 za zamani kioo chake hakifiki hata HD kamili. Kuiachia stiki mpya ichague ubora yenyewe ni kumwaga bando chini. Ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kivinjari uweke matumizi ya chini au ya kati, na kwenye YouTube chagua 480p. Kwa TV ya chogo, 360p ni nyingi. Anayepakua filamu usiku kwa simu kwa kifurushi cha bei rahisi, kisha akaitazama kesho yake bila intaneti, anaokoa zaidi ya sisi wote.

Ukiweka filamu zako halali kwenye flashi, kumbuka FAT32 haikubali faili moja lenye zaidi ya GB 4, na TV ya zamani inasoma MP4 iliyobanwa kwa mtindo wa zamani wa H.264, lakini iliyobanwa kwa mtindo mpya wa HEVC inaitazama kama mgeni asiyefahamika.

Kwa mechi za Ligi Kuu, mimi nabaki na king'amuzi. Picha ya mtandaoni huchelewa nyuma ya ile ya dishi. Mashujaa wanacheza Lake Tanganyika, kibanda umiza cha jirani kinalipuka kwa goli, na kwako mpira bado uko kwa kipa. Na mwenye kibanda asithubutu kuendesha biashara kwa hotspoti. Mtandao ukisuasua dakika ya 89, atarudisha viingilio vyote.

Ukiamua kuiuza licha ya yote

Toa akaunti zako kwanza. TV iliyokufa nusu bado inaweza kuwa na Netflix au barua pepe yako ndani, na hapo huwezi kuifungua uitoe. Ingia kwa simu: kwenye akaunti ya Netflix kuna sehemu ya kusimamia vifaa, kwenye akaunti ya Google kuna orodha ya vifaa vyako. Itafute TV kwa jina, bonyeza kuiondoa, badilisha nenosiri. Mwambie mnunuzi mwaka wake halisi na kwamba inahitaji stiki, mpe rimoti yake na miguu yake. Skrubu za miguu ziko kwenye kile kifuko cha nailoni ulichotupia kwenye droo ya vijiko. Bila hizo atakushusha bei.